Mjomba, Nilizima Kinga kwa Dakika Tano Tu

Wazazi wenzangu, juma lililopita mpwa wangu alinijia uso umemshuka. Barua pepe ya mama yake haikufunguka tena kwa neno la siri walilolizoea, na kompyuta hiyo ndiyo dada yangu aitumiayo kuwekea hesabu za duka lake. Nilipomhoji, akanijibu, "Mjomba, nilizima kinga kwa dakika tano tu."

Chanzo kilikuwa mchezo uitwao The Sims 4, wa kampuni ya Electronic Arts ya Marekani, ambamo mchezaji hujenga nyumba na kuendesha maisha ya watu wa kubuni. Mchezo wa msingi ulitolewa mwaka 2014, na tangu Oktoba 2022 haulipiwi. Kinachouzwa ni nyongeza: majira ya mwaka, paka na mbwa, maisha ya chuo kikuu. Nyongeza kubwa moja, kwa bei kamili, ni karibu dola 40. Mwenye kuzitaka zote kwa bei hiyo atapitisha dola 1,000. Sijifanyi sioni ukali wake, maana mshahara wangu naujua.

Kijana akapata faili ya kumfungulia nyongeza hizo bila malipo. Kazi yake ni kuudanganya mchezo uamini kwamba zimelipiwa. Kwa kuwa programu ya kinga dhidi ya virusi huitilia shaka faili ya namna hiyo, aghalabu maelekezo humtaka mtu aizime kinga kwanza. Ni sawa na kumfukuza bawabu, kisha ukamfungulia mlango mgeni usiyemjua. Faili yaweza kufungua nyongeza kweli, na papo hapo ikanakili maneno ya siri yaliyohifadhiwa kompyutani. Hata penye uhalali pana hatari: Juni 2023 virusi vilivyoitwa fractureiser vilipenyezwa katika viongezo vya bure vya mchezo wa Minecraft, vilivyopatikana CurseForge, mahali panapoaminiwa na wachezaji wengi, vikaiba taarifa za kuingilia akaunti. Sembuse faili isiyo na mwenyewe! Tena, kampuni ikigundua hila yaweza kuifunga akaunti, pamoja na vile ulivyovinunua kwa fedha yako.

Njia halali zipo. Bei za nyongeza hizi hushushwa mara kwa mara. Chagua moja, usubiri. Duka la Steam hupokea maombi ya kurudishiwa fedha ndani ya siku 14, mradi mchezo haujachezwa saa mbili tangu ununuzi. Duka la Epic Games hutoa mchezo wa bure kila wiki. Na ndani ya The Sims 4 yenyewe mna ghala la nyumba zilizojengwa na wachezaji wengine, nalo halilipiwi.

Sisi tulibadilisha maneno yote ya siri kwa kutumia simu yangu, wala si kompyuta ile, kisha tukaifuta na kuipanga upya. Hesabu za miezi miwili hazikuwa na nakala. Mpwa wangu sasa anaziandika upya kutoka katika risiti, jioni baada ya jioni, mama yake ameketi kando yake.