Mgonjwa Si Mtoro

Aliyeandika kwamba mwalimu anayeugua kwa muda mrefu awapishe wazima amegonga mlango usio wake. Hasira ya wazazi wa Matuga, Kwale, naielewa. Mtoto akirudi nyumbani Mkongani na daftari la hisabati lisilosahihishwa tangu muhula uanze, mzazi ana haki ya kuuliza. Lakini amuulize nani? Mwalimu hajipangii shule. Kifungu cha 237 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimeipa Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, kazi ya kuajiri walimu na kuwapangia vituo. Pengo lisipozibwa, wenzake huunganisha madarasa, au bodi ya shule huajiri mwalimu wa muda, na mzazi yuleyule akachangishwa mshahara wake. Hiyo ndiyo dhuluma.

Kumnyooshea mgonjwa kidole kwa kuwa ameonekana Kombani akinunua mboga ni ukatili. Saratani haiandikwi usoni, wala sonona. Likizo ya ugonjwa imo katika Sheria ya Ajira ya 2007. Si fadhila ya mtu.

Wazazi, mwandikieni mkurugenzi wa TSC wa kaunti ya Kwale, mdai mwalimu wa kushika nafasi. Mgonjwa mwacheni apone.