Moteri imetoka garaji juzi, leo inachemka: kosa ni la nani?

Bandugu wachimbaji, ba-mama na watoto wa nyumbani, mumetuzoea tukiandika hapa juu ya mshahara na bei ya kobalti. Leo tunaandika juu ya moteri za boti. Mutatuuliza: sendika ya mina inatafuta nini mu maji? Wengi kati yetu tulitoka Kalemie, Moba na Pweto. Tukifiwa, tukioa, tukipeleka watoto kwa nkambo, tunapanda boti. Hata samaki wa Tanganyika wanaouzwa mu masoko yetu walianza safari juu ya boti.

Na mambo ya nchi yanasukuma watu kwenye maji. Tarehe 3 mwezi wa 10, 2024, boti Merdi ilitoka Minova, ikazama karibu na Goma, watu wanaiona kwa macho. Ilikuwa imejaa kupita kipimo, kwani barabara ilikuwa imekatwa na vita. Mwaka uliofuata, vita vilipoingia Goma na Bukavu, familia zingine zilikimbia kwa boti kutoka Uvira mpaka Kalemie. Barabara ikikatwa, ziwa ndilo barabara. Abiria wakiwa wengi, moteri ya zamani inatengenezwa upya haraka haraka na kurudishwa kazini.

Sisi wenyewe tuliona. Tulikuwa watu wanane wa sendika, tunatoka Kalemie kwenda Moba kuzika mwenzetu. Moteri ilikuwa ya kamyo, waliigeuza ya boti, na ilikuwa na siku tano tu tangu itoke garaji. Pistoni mpya, segma mpya, rangi mpya. Baada ya saa tatu za safari, usiku, mshale wa joto ulipanda, moshi mweupe ukatoka, moteri ikazimwa. Upepo ukaanza kutusukuma. Ba-mama walianza kuomba Mungu, watoto wakilia.

Kati yetu kulikuwa mzee mmoja anayetengeneza pompi za kutoa maji mu mina. Alimuuliza kijana wa moteri: "Mwanangu, maji ya ziwa yanatoka nyuma na moshi?" Kijana akajibu: "Papa, yanatoka kidogo sana." Walingojea moteri ipoe, wakafungua pompi ya maji ya ziwa. Gurudumu lake la mpira lilikuwa jipya, zima. Wakaendelea mbele, wakafungua kifuniko cha eshanjeri, pale maji ya ziwa yanapopoza maji ya ndani ya moteri. Wakakuta vipande vinne vya mpira wa zamani vimeziba matundu. Walivitoa, wakasafisha, tukafika Moba saa nne ya asubuhi.

Sasa tufikiri vizuri. Vile vipande vilitoka wapi? Gurudumu la zamani lilivunjika mbele ya matengenezo. Inaonekana ndilo lililofanya moteri ichemke mara ya kwanza na kuharibu pistoni. Mwenye boti alilipia pistoni, lakini hakuna aliyetafuta vipande vilivyopotea. Walitibu kidonda, wakaacha mwiba ndani. Na tulipofika, mwenye boti alisema kosa ni la kijana, akamkata mshahara wa mwezi.

Moteri iliyotengenezwa upya ikichemka, sababu karibu zote zinajulikana, na ziko na mpango wake wa kuzitafuta. Mafundi wetu wa dumpa na wa grupu wanaujua. Unaanza na kisicholipisha pesa.

Kwanza, hakikisha mshale unasema kweli. Pima kwa kipima joto kingine. Moteri nyingi zinafanya kazi kati ya digrii 80 na 90. Pili, angalia njia ya maji ya ziwa: krepine chini ya boti inaweza kushika mchanga, majani au sashe ya plastiki. Halafu mkanda wa pompi, gurudumu la mpira, na eshanjeri. Tatu, angalia maji ya ndani. Baada ya matengenezo, hewa inabaki mara nyingi juu ya kilasi. Isipotolewa, maji hayazunguki. Kalorstati ikiwekwa kichwa chini, inachelewa kufunguka. Wengine wanaitoa kabisa, wakifikiri wanasaidia. Kumbe mu moteri zingine maji yanapata njia ya mkato na joto linazidi.

Kifuniko cha maji nacho si kitu kidogo. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya bahari, na pale maji yanachemka karibu na digrii 97, si 100. Kivu, kwenye mita 1460, ni karibu digrii 95. Kifuniko kizuri kinashika presha, maji yanachelewa kuchemka. Ukiweka kitambaa mahali pa kifuniko, umeondoa ule ulinzi wote.

Nne, ukiona mapovu yanatoka bila kukoma mu tanki ya maji hata baada ya kutoa hewa, shuku juwe ya kilasi. Labda iligeuzwa ikafunika matundu ya maji, labda kilasi haikunyooshwa, ao buloni hazikukazwa kwa mpango na kwa nguvu inayotakiwa. Tano, kama inachemka tu ukienda mbio na moshi ni mweusi, angalia mzigo: helisi ni kubwa kupita nguvu ya moteri, ao boti imejaa mno.

Na mambo mawili musisahau: usifungue kifuniko moteri ikiwa moto, utaungua uso, usimwage maji baridi juu ya kilasi yenye moto, itapasuka.

Basi, kama ujuzi uko, kwa nini boti zinasimama katikati ya maji? Kwa maoni yetu, shida iko mu namna ya kulipa kazi. Fundi analipwa ili moteri iwake, halipwi ili aijaribu. Eshanjeri kuisafisha ni siku moja. Siku moja bila abiria mwenye boti anaihesabu kama hasara. Kijana wa moteri naye hana karatasi ya kazi. Akisema "tusitoke leo", kesho nafasi yake iko na mwingine. Sisi wa mina tunaijua ile hadithi: mashini ikikataa, anayekatwa mshahara ni aliye karibu nayo, si aliyekataa kununua kipande.

Sheria ya kazi namba 015/2002, ya tarehe 16 mwezi wa 10, 2002, haikuandikwa kwa wachimbaji peke yao. Anayefanya kazi juu ya boti kwa amri ya mtu na kwa mshahara naye ni mtumishi. Ndiyo sababu tunaomba vitu vitatu. Moteri yoyote iliyofunguliwa iwe na karatasi inayosema nini kilibadilishwa, nini kilisafishwa, na nani alitia sahihi. Ijaribiwe saa kadhaa karibu na bandari, na mzigo, bila abiria. Na kijana wa moteri asifukuzwe kwa kukataa kutoka.

Kwa familia: mbele ya kulipa tiketi, angalieni nyuma ya boti kama maji yanatoka kwa nguvu pamoja na moshi. Ulizeni moteri ilifunguliwa lini. Wakiwakasirikia kwa lile swali, ngojeni boti ingine.

Yule kijana wa Moba tulimchangia pesa kidogo, tukaandika barua kwa mwenye boti kumwomba arudishe mshahara. Mpaka leo hajajibu. Tutaandika ya pili.