Mafuta Mwilini si Kuni Tu

Katika madarasa mengi ya elimu-viumbe mafuta hufundishwa kama akiba: chakula kinapozidi huwekwa, kinapopungua huchomwa. Mafundisho hayo ni sahihi, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba mafuta pia ni ujumbe, na seli huusoma ujumbe huo ndani kabisa ya kiini chake. Mwanafunzi anayenyimwa nusu hiyo ni rahisi kudanganywa.

Mathalani, mtu amefunga tangu alfajiri. Kadiri saa zinavyopita, akiba ya sukari iliyomo katika ini hupungua, na tishu za mafuta huzidi kutoa asidi za mafuta na kuzitia katika damu. Zifikapo katika ini, nyingi huchomwa ili kutoa nguvu. Lakini baadhi huingia katika viini vya seli na kushikana na protini iitwayo kipokezi cha kiini.

Binadamu ana vipokezi vya namna hii 48. Vitatu kati yake, alfa, delta na gama, huitwa kwa kifupi PPAR. Cha kwanza kilielezwa mwaka 1990 na Isabelle Issemann na Stephen Green, waliokitambua katika panya. Yafaa ikumbukwe kwamba klofibrati, dawa ya kupunguza mafuta ya damu ambayo hukiamsha kipokezi hicho, ilikuwa ikitumiwa tangu miaka ya 1960, kabla haijajulikana inafanyia kazi wapi ndani ya seli.

Kipokezi hicho huungana na mwenzake aitwaye RXR, na kwa pamoja hukaa juu ya DNA, karibu na jeni wanazozitawala. Pasipo asidi ya mafuta, huweza kuandamana na protini za kuzuia, na jeni husinzia. Asidi ikishikana nacho, umbo lake hubadilika: protini za kuzuia huondoka, za kuchochea huja, na jeni husomwa. Hapo hutengenezwa vimeng'enya vya kuvunja mafuta. Kuni zenyewe, kwa hakika, ndizo zinazoagiza jiko lijengwe.

Ushahidi upo. Panya walioondolewa jeni ya PPAR alfa wanaponyimwa chakula, ini lao hujaa mafuta na sukari ya damu yao hushuka. Kuni zipo tele, lakini amri ya kuzichoma haina wa kuipokea.

Hapo ndipo penye hatari. Kipokezi kimoja hakiamrishi jeni moja, bali jeni nyingi katika viungo vingi. Gama huzielekeza seli changa ziwe seli za kuhifadhi mafuta, ilhali delta huongeza uchomaji wa mafuta katika misuli. Dawa ya majaribio iitwayo GW501516 ilitengenezwa ili kuamsha delta. Panya waliopewa dawa hiyo pamoja na mazoezi walikimbia mbali zaidi kuliko wenzao. Hata hivyo, uendelezaji wake uliachwa mwaka 2007, kwa kuwa wanyama wa maabara walipata saratani, na mwaka 2013 shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, WADA, liliwaonya wanamichezo wasiiguse. Pamoja na hayo, imekuwa ikiuzwa kwa njia ya intaneti kama dawa ya kuyeyusha mafuta.

Anayeinunua si lazima awe mjinga. Amefundishwa kwamba mafuta ni kuni, naye ameuziwa moto.

Baadhi ya walimu watasema kwamba muhtasari umejaa na mada ni ngumu. Lakini asidi ya mafuta, protini na jeni tayari zinafundishwa, kila moja katika sura yake, kana kwamba hazijuani. Somo la vipokezi vya kiini huzikutanisha, wala halihitaji kukariri majina. Kipindi kimoja kinaweza kutosha, mradi mwanafunzi atoke na swali la kumwuliza kila muuza dawa ya kupunguza mafuta: mbali na jeni hizo za mafuta, ni zipi nyingine zitakazoamshwa?