RunX ya zamani: ushuru wa uchakavu, masega yanayouzwa na breki za kushukia milima

Siku hizi wapo wanunuzi wanaopita kwenye gereji wakiulizia masega. Si masega ya nyuki. Wanatafuta kile kipande chenye matundu madogo madogo kilichofungwa ndani ya bomba la ekzosi, ambacho ndani yake mna chembe za madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Mwenye Toyota RunX ya mwaka 2003 pale Buganguzi anaambiwa mambo mawili kwa pamoja: atapewa fedha taslimu, na gari litakuwa jepesi na lenye mbio zaidi. La kwanza ni kweli. La pili tutaliangalia, lakini tuanze na swali la kwa nini gari lenye umri huo bado linanunuliwa, linatengenezwa na kuboreshwa uani.

Toyota ilitengeneza Corolla RunX kuanzia 2001 hadi 2006, kisha ikaja Auris. Kwa hiyo hata RunX changa kuliko zote sasa iko kwenye umri wa miaka 20 au imeukaribia. Nchini kwetu gari dogo la abiria lililozidi miaka 10 tangu litengenezwe hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 linapoingia. La miaka 8 hadi 10 hutozwa asilimia 15. Huo ni mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1001 na 2000, na VAT ya asilimia 18.

Tufanye hesabu, msikilizaji. Chukulia TRA imekadiria thamani ya gari likiwa bandarini, pamoja na usafiri na bima, kuwa shilingi milioni 5. Forodha ni 1,250,000, jumla sasa 6,250,000. Juu ya hiyo weka ushuru wa bidhaa 312,500 na uchakavu 1,875,000. Kisha VAT juu ya vyote, 1,518,750. Kodi hizo nne zinafika 4,956,250, yaani karibu sawa na gari lenyewe, na bado kuna tozo ndogo ndogo na usajili. TRA ina kikokotoo kwenye tovuti yake kinachofunguka hata kwa simu. Gari lako likadirie huko kabla hujatuma fedha kwa wakala.

Majirani wamekwenda njia nyingine. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda, hapo ng'ambo ya Mutukula, ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia magari ya miaka 15 na kuendelea. Sisi hatukufunga mlango, tumeweka bei mlangoni. Matokeo yake ni kwamba aliyekwisha kuwa na RunX halitupi. Hana sababu ya kulipa kodi hiyo mara ya pili. Atalitunza mpaka bodi lioze. Fedha za kahawa zikiingia, swali linakuwa zitumike wapi kwanza: kwenye rimu, kwenye ekzosi, au kwenye vile vitu ambavyo jirani hatavisifu kwa sababu havionekani.

Kabla ya kununua chochote, jua injini uliyonayo, kwa sababu RunX si moja. Ya cc 1500 ina injini ya 1NZ-FE, ambayo ni mvumilivu sana. Ya cc 1800 ya kawaida ina 1ZZ-FE, na zile za miaka ya mwanzo zina ugonjwa unaojulikana: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, yakiziba ringi zinanata na injini inaanza kula oili. Halafu ipo ile yenye herufi Z, inayobeba 2ZZ-GE iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Yamaha. Hiyo ina nguvu za farasi 190 na inazunguka zaidi ya mara 8,000 kwa dakika; Lotus ya Uingereza iliitia kwenye gari lake la michezo, Elise. Injini hiyo ina kemu ya pili inayoingia kazini ukishavuka mizunguko 6,000 hivi. Ukikanyaga na hiyo nguvu ya pili isije, mara nyingi kosa ni oili iliyopungua au boliti za kushikilia roka zilizolika, si "injini imechoka". Injini hizi tatu zote zina cheni ya taimingi. Fundi akikutoza fedha za beliti ya taimingi, mwombe akuonyeshe ilikofungwa.

Sasa turudi kwenye masega. Kazi yake ni kubadili hewa ya sumu itokayo kwenye injini, ikiwamo kaboni monoksaidi, kabla haijatoka nje. Yakiziba kweli, gari hukosa nguvu mlimani, na hapo fundi huyatoa na gari hufufuka. Ndiyo maana watu wanaamini kwamba masega ndiyo yaliyokuwa yanakaba. Lakini masega hayazibi yenyewe. Yanaziba kwa sababu injini inakula oili, au plagi moja haiwaki na petroli mbichi inaungulia humo ndani. Ukiyauza bila kutibu chanzo, umemfukuza shahidi na mwizi bado yumo nyumbani. Kwa injini isiyo na turbo, kutoa masega mazima hakuongezi nguvu ambayo dereva ataihisi. Kinachoongezeka ni kelele, harufu inayoingia ndani kwa abiria wa kiti cha nyuma, na taa ya injini inayobaki imewaka kwenye dashibodi. Taa hiyo ikishazoeleka, siku hitilafu nyingine ikitokea hutajua. Na kuyarudisha yaliyo halisi ni ghali kuliko fedha uliyopewa.

Jambo la pili linalofanywa sana ni kunyanyua gari. Simlaumu anayefanya hivyo. Barabara zetu za udongo mwezi wa nne zinajulikana, na RunX haikutengenezwa kwa mifereji. Lakini kuna kunyanyua na kuna kupandisha jukwaani. Spesa nyembamba na springi zenye nguvu kidogo zinavumilika. Ukizidisha, shafti za magurudumu ya mbele zinakaa mshazari kuliko zilivyopangwa, mipira yake inachanika, vumbi na matope vinaingia, na baada ya muda unasikia kata-kata-kata ukikata kona. Uzito wa gari nao umepanda juu, kwa hiyo kona uliyokuwa unaipita kwa spidi 60 si ile tena. Baada ya kazi hiyo gari lazima lipimwe alaimenti, na taa zishushwe, la sivyo unawapofusha wa bodaboda wanaokuja mbele yako.

Ningekuwa na laki chache za kuboresha gari kama hilo, ningeanza na breki na tairi, halafu shokapu. Fikiria safari ya kutoka Buganguzi kwenda Muleba mjini, gari lina watu watano na ndizi kwenye buti. Kwenye mteremko mrefu dereva anashikilia breki muda wote, diski zinapata moto, na moto unafika kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa, na maji yaliyomo hugeuka mvuke. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Pedeli inazama na gari haliposimama watu wanasema breki zimekatika ghafla. Hazikukatika ghafla, zilikuwa zinaharibika miaka mitatu. Mafuta ya breki yabadilishwe angalau kila baada ya miaka miwili, na kwenye mteremko ingia gia ndogo, hata kama gari ni otomatiki. Ni badiliko la gharama ndogo kuliko rimu moja.

Kwenye tairi, tafuta tarakimu nne ubavuni. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri na mpira wake umekwisha kukauka. Na rimu pana yenye tairi jembamba la ubavu, ile inayopendeza kwenye picha, ndiyo ya kwanza kupasuka kwenye shimo.

Kuna desturi moja ya gereji zetu inayonishangaza: gari likipata joto, termostati inatolewa na rejeta inajazwa maji ya bomba. Joto linashuka siku hiyo. Baada ya hapo injini inafanya kazi ikiwa baridi mno, kompyuta yake inadhani ni asubuhi siku nzima na kuongeza petroli, na maji yanakula njia za ndani kwa kutu. Termostati mpya na kulanti ni gharama ndogo. Kama feni haizunguki au rejeta imeziba, hilo ndilo la kutengeneza.

Kwa anayefanya kazi mwenyewe nyumbani: jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Tumia stendi za chuma, na usiweke matofali, kwa kuwa hupasuka bila taarifa. Oili chafu isimwagwe kwenye migomba wala kwenye mfereji. Maji ya huku mwisho wake ni ziwani.

Lipo pia suala la makaratasi. Kadi ya gari ina namba ya injini na rangi. Ukiweka injini nyingine au ukipaka rangi mpya, TRA wanapaswa kujulishwa kadi ibadilishwe. Mwenye bima kubwa aijulishe na kampuni yake ya bima kuhusu mabadiliko makubwa, kwa maana ajali ikitokea, jambo lililofichwa linaweza kuwa sababu ya kukataliwa malipo.

Serikali inakusanya asilimia 30 ya uchakavu bandarini, lakini uchakavu wenyewe unaendelea kwa miaka mingi baadaye, mikononi mwa fundi wa kijijini aliyejifunza kwa kutazama. Huko ndiko usalama wa abiria unakoamuliwa, na huko ndiko fedha hiyo haionekani. Njia iliyopo sasa ni ya VETA, ambayo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi anapimwa kwa kazi anayoijua, anaongezewa pale panapopungua, kisha anapewa cheti. VETA ina chuo hapa Kagera, na fundi anayetaka aanze kwa kuuliza huko ni lini upimaji wa ufundi magari utafanyika.