Mwanao Hakukudanganya, Mzee



Mzazi mmoja wa Magu ameniletea ugomvi wake na mwanawe. Kijana amemwambia ya kuwa kifaa cha kompyuta kiendeshacho michezo ya picha huko mjini Mwanza ni cha namna ile ile watumiayo mabingwa wa Ulaya kutafuta chembe zilizo ndogo kuliko atomu. Mzee aona anadanganywa apate kutoa fedha. La, mzee wangu, mtoto amesema kweli. Habari ya fedha ni shauri lenu nyumbani.

Mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, chini ya ardhi, uko mtambo wa mviringo wenye kilometa 27. Ni mali ya CERN. Humo protoni hukimbizwa na kugonganishwa, na katika kituo kimoja kiitwacho LHCb migongano hufika milioni 30 kwa sekunde. Chembe zinazoruka hazionekani. Huacha nukta tu katika tabaka za vyombo, na kazi ni kujua nukta ipi yafuatana na ipi.

Wachunga ng'ombe wa Usukuma, kazi hiyo mnaijua. Ng'ombe wa kijiji kizima wamekunywa ziwani, nyayo zimechanganyika mchangani, nawe wamtafuta mmoja. Washika nyayo tatu zilizofuatana, kisha wautafuta wa nne pale upasapo kuwa. Ndivyo wafanyavyo wale. Lakini wimbi laja! Bingwa mmoja, hata awe hodari namna gani, atakuta mchanga umekwisha futwa. Afadhali watoto mia wa shule, kila mmoja na kipande chake, wote wakitii amri moja kwa pamoja.

Prosesa ya kawaida ni yule bingwa. Prosesa ya picha ndilo darasa la watoto. Mwaka 2022 LHCb walianza kuzitumia mamia yake kwa mchujo wote wa kwanza. Katika migongano 30 hubakizwa kama mmoja. Mingine hutupwa, wala hairudi. Basi amri ikiwa mbovu, jambo lililotafutwa miaka mingi laweza kupita na asijue mtu. Hilo ndilo lanitisha mimi, si ukubwa wa mtambo.

Programu yao waliiita Allen, kwa heshima ya Frances Allen wa Marekani. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Mwaka 1957 aliingia kampuni ya IBM apate kulipa deni la masomo, kisha arudi kufundisha. Hakurudi. Alikaa huko miaka 45, akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Turing, iliyo kuu katika elimu ya kompyuta, ile ya mwaka 2006.