Tuchunge umeme wa kompyuta, lakini watuambie saa yake



Kuna maneno yanayosikika katika nyumba mingi mwisho wa mwezi. Yuniti za Cash Power zimeisha mbele ya tarehe, na mzee wa nyumba anatazama upande mmoja tu, wa mtoto mwenye kompyuta: "Hii mashini yako njo inakula umeme yote!" Mtoto anajibu kwamba hapana, jana hata haikuwaka. Kila mmoja anaamini yuko na haki, na hakuna aliyefanya hesabu.

Leo tuifanye, juu kwa vijana wengi wa muji kompyuta haiko tena mchezo. Ndani yake TFC inaandikwa. Wengine wanatengeneza afishi, wanatafsiri, wanapanga video za ndoa, wanafuata masomo ya walimu walio inchi za mbali. Ikizimika kazi inasimama, na mteja hangoji. Anaenda kwa mwengine.

Tuanze na kompyuta ya kubeba. Kwa kazi ya kawaida inatumia wati 30 mpaka 60. Resho ya umeme inatumia wati 1,500 au karibu yake, kwa hiyo saa moja ya resho ni sawa na zaidi ya saa 37 za mashini ya wati 40. Pasi nayo inafika wati 1,000 bila shida. Kwa upande huu, wazazi wetu, mtusamehe: mtoto njo mwenye haki, na kabla ya kumkemea inafaa kutazama jikoni. (Hatusemi muzime resho na kurudi kwa makala. Bei ya gunia kila mmoja anaijua, na tunajua pia ni pori gani linakatwa ili makala ifike sokoni.)

Lakini kompyuta ya mezani ni mambo mengine. Tuko na zile nyingi za okazyo zinazotoka Ulaya, nzito, pamoja na kioo cha zamani chenye mgongo mnene. Kioo hicho peke yake kinaweza kula wati 70 au 80, wakati kioo kipya cha bapa kinaridhika na wati 20 hivi. Ukijumlisha kioo na sanduku lake, unaweza kufika wati 200. Yuniti moja ni kilowati-saa moja: wati 200 kwa saa 8 kila siku ni yuniti 1.6, na kwa mwezi wa siku 30 ni yuniti 48. Mashini ya kubeba ya wati 40, kwa saa zilezile, haifiki hata yuniti 10. Hapa mzee wa nyumba naye ameshinda.

Njo maana tunamwambia kijana anayekusanya dola kidogokidogo ili anunue mashini yake ya kwanza: usitazame bei ya dukani tu. Ile ya mezani inauzwa rahisi, kisha unailipa tena kila mwezi kwa yuniti, na siku umeme unakatika haina batri ya kukuokoa. Ya kubeba, hata ile iliyotumika, ikiwa batri yake ingali inashika saa mbili, ni afadhali.

Sasa tuje kwa wale wanaokaa na batri kubwa na plaki za jua, na wanaongezeka kila mwaka. Hapa kila wati iko na uzito kuliko kwa Cash Power, juu yuniti zikiisha unanunua zingine, lakini batri ikiisha saa tatu ya usiku, umelala. Chukua batri ya volti 12 yenye ampea-saa 100. Kwenye karatasi ni wati-saa 1,200. Lakini batri hizi za maji, zile za risasi, hazipendi kushushwa chini ya nusu. Ukizizoeza kuisha kabisa, zinakufa mapema na hela yako inaenda nazo. Kwa hiyo unabaki na 600. Kisha konvertiseri, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa batri kuwa volti 220, nacho kinapoteza sehemu yake kwa joto. Hesabu karibu wati-saa 500 zinazofika kwa mashini. Kompyuta ya mezani ya wati 150 itafanya saa tatu na kidogo. Ya kubeba ya wati 40 itafanya saa 12. Ni batri moja, jua moja, na tofauti ni usiku mzima wa kazi.

Kuna jambo lingine ambalo watu wengi hawaliangalii. Konvertiseri inageuza umeme wa batri kuwa 220, halafu chaja ya kompyuta inaurudisha chini kuwa volti 19 au 20. Tunapanda mlima ili tushuke upande uleule. Kuna chaja za gari zinazochomekwa moja kwa moja kwa volti 12, na mwenye nayo anaweza kuzima konvertiseri kabisa, ambayo inakula wati kadhaa hata wakati hakuna kitu kimechomekwa. Kabla ya kununua, geuza mashini na usome volti zilizoandikwa chini yake. Zisipolingana na za chaja, acha. Na kama ni plaki za jua, jaza mashini saa sita ya mchana wakati plaki zinatoa vizuri na batri kubwa imeshajaa. Usingoje usiku ili uitoe maji batri moja kwa kujaza ingine.

Ndani ya kompyuta yenyewe, kinachokula sana kwenye kazi ya kawaida ni mwangaza wa kioo. Ushushe mpaka nusu; usiku nusu inatosha na macho yatakushukuru. Ile picha inayochezacheza kwenye kioo ukiondoka haichungi chochote, kioo kinaendelea kuwaka. Afadhali uamuru kioo kizime chenyewe kisha ya dakika tano. Funga kurasa za intaneti zenye video na matangazo ambazo husomi, juu zinafanya mashini ihangaike bure na feni ianze kulia. Na usiweke mashini juu ya blanketi au matela. Hewa haipiti, feni inazunguka kwa nguvu, na joto linaua batri ya ndani pole pole.

Tukae kidogo kwa usingizi wa kompyuta, juu hapa miji yetu haifanani na ile ambayo hizi mashini zilitengenezewa. Ukibonyeza «Veille», kompyuta inalala lakini inaendelea kunywa umeme kidogo ili ikumbuke ulipofika. Kwa ya kubeba, batri inailinda. Kwa ya mezani, umeme ukikatika wakati imelala, unaweza kukuta kurasa ambazo hukuhifadhi zimepotea. «Veille prolongée» inaandika kila kitu ndani ya diski kisha inazima karibu kabisa. Umeme ukatike mara kumi, kazi yako inangoja. Mara mingi neno hilo halionekani kwenye menyu. Litafute kwenye «Options d'alimentation», sehemu ya vifungo, uliwashe. Mwenye kuandika TFC aifanye leo.

Watu wanagombana pia juu ya chaja iliyoachwa kwenye ukuta bila mashini. Chaja za sasa hapo zinakula kidogo sana, tusipoteze muda nazo. Kitazameni afadhali kile kisanduku cha onduleri, au regilateri ya zamani iliyo moto usiku na mchana hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ukiigusa na mkono ukasikia joto, joto hilo ni yuniti zako. Ralonji yenye kifungo inamaliza shida: unazima vyote pamoja unapoenda kulala.

Tumesema kwa urefu juu ya sehemu yetu. Tusikubali sasa mtu atwambie kwamba giza la Kivu linatoka kwa kompyuta za vijana. Ruzizi ya kwanza ilianza mwaka 1958, na uwezo wake ni megawati 30 hivi. Ya pili ni ya mwaka 1989, karibu megawati 44, na tunagawana na Rwanda na Burundi. Upande wa Rutshuru, Matebe iliongezwa mwaka 2015, megawati 13 na kidogo. Inga ambayo tunaimba tangu shule ya msingi iko upande mwingine wa inchi, na nyaya zake hazifiki kwetu. Ongeza chupa na mifuko ya plastiki inayoshuka na maji ya ziwa mpaka kwenye bwawa la Ruzizi, inaziba na kuharibu mashini, na muji mzima unazimika. Hiyo plastiki ni sisi wakaaji tunaoitupa mtoni, tuseme ukweli. Lakini kuweka huduma ya kuokota takataka ni kazi ya wenye kukusanya taksi.

Halafu kuna nyumba mingi zisizo na kompteri. Zinalipa forfe: hesabu ileile kila mwezi, uwashe usiwashe, hata umeme usipofika wiki mbili. Uende umwambie mtu huyo ashushe mwangaza wa kioo, atakucheka, na yuko na haki. Atachunga juu ya nani? Akiokoa yuniti 30, hata franka moja haimrudii. Kila nyumba ipate kompteri, ilipe ilichotumia. Hapo watu watachunga bila kuhubiriwa.

Na kuna jambo ambalo halihitaji turbini mpya wala mkopo wa inje: saa. Delestaji ipo, tunaijua, hatutaiondoa kesho. Lakini mtu anayejua kwamba kartiye yake itapata umeme Jumanne kuanzia saa tatu ya usiku anajaza mashini yake, anajaza batri kubwa, anapanga kazi nzito hapo, kisha anaishi na batri mpaka zamu ingine. Asiyejua anaacha kila kitu kimechomekwa siku nzima, taa na onduleri na kompyuta na redio, ili umeme ukija umkute. Umeme unaporudi, nyumba zote zinavuta kwa mara moja, nyaya zinachoka, kabini inalipuka. Kuficha saa kunaharibu umeme kuliko kompyuta zetu zote.

Tangu sheria ya 17 Juni 2014 umeme wa inchi hii hauko tena mikononi mwa shirika moja la serikali. Makampuni binafsi yameingia, na kuko mamlaka ya kuyasimamia, ARE. Kwao wote, wakubwa kwa wadogo, ombi letu ni moja: programu ya delestaji kwa kila kartiye, iandikwe, ibandikwe kwenye ofisi ya kartiye, isomwe kwa redio siku moja mbele. Ikibadilika, watwambie kwamba imebadilika na juu ya nini.

Sisi wenyewe tunaanza Jumatatu. Kila mmoja wetu aandike kwa siku 30 saa ambayo umeme umekuja kwake na saa ambayo umeenda, pamoja na jina la avenyi na la kartiye. Daftari inatosha, simu pia. Usiongeze wala kupunguza. Kama ulikuwa umelala na hukuona, acha wazi. Mwisho wa mwezi tutaunganisha karatasi zote, kartiye kwa kartiye, na tutazibeba wenyewe mpaka kwenye meza za makampuni hayo, mchana, na mikono mitupu.