Kabla ya Kumfukuza, Aulizwe

Kila muhula husikika habari za mwanafunzi aliyefukuzwa shule kwa kupigana, au kwa kumtukana mwalimu wake. Wazazi na majirani husema kwamba mtoto huyo ni mtundu na ana kichwa kigumu. Sisi twaona kuwa mara nyingine hukumu hiyo hutolewa haraka mno.

Wako watoto ambao macho yao ni mazima, masikio yao yasikia, na akili zao hazina kasoro, lakini hawawezi kujifunza kwa sababu mioyo yao imevurugika. Mmoja hukaa kimya kutwa nzima. Mwingine huumwa tumbo kila asubuhi ya shule wala ugonjwa hauonekani. Mwingine hurusha kiti akiguswa bega tu. Marekani iliwatambua watoto hao katika sheria yake ya mwaka 1975 ya elimu ya watoto wenye ulemavu. Hali hiyo ikidumu muda mrefu na kudhuru masomo, mtoto huandikiwa mpango wake mwenyewe, na wazazi hushiriki kuutunga. Tena, tangu marekebisho ya 1997, shule itakayo kumwondoa kwa zaidi ya siku kumi haina budi kuchunguza kwanza kama kosa lake limetokana na hali yake. Hatusemi kuwa Wamarekani wamefaulu kila mahali. Kumtenga mgonjwa wa moyo na mtovu wa nidhamu kumewatatiza hata wataalamu wao. Lakini kuuliza kwanza hakuhitaji fedha za kigeni.

Hapa Uganda twalihitaji jambo hilo kuliko wengi. Vita vya Joseph Kony viliwanyakua maelfu ya watoto wa kaskazini na kuwatia bunduki mikononi. Usiku mmoja wa Oktoba 1996 wasichana 139 walitekwa katika shule ya Aboke. Baadhi ya waliorudi leo ni wazazi, na watoto wao wako madarasani. Wako pia watoto wa wakimbizi wa Sudan Kusini na Kongo. Aliyeshuhudia baba yake akiuawa hawezi kuponywa kwa fimbo, na Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imekwisha kupiga marufuku viboko shuleni, ingawa fimbo zingaliko.

Walimu tusiwalaumu peke yao. Mwenye wanafunzi themanini hawezi kumtazama kila mmoja usoni, na elimu maalumu tumezoea kuidhani kuwa ni ya vipofu na viziwi tu.

Twaiomba Wizara ya Elimu iagize kwamba mwanafunzi yeyote asifukuzwe kabla mwalimu mmoja, aliyeteuliwa kwa kazi hiyo, hajaketi naye pamoja na mzazi au mlezi wake na kuyaandika aliyoyasikia. Na karatasi hiyo imfikie afisa elimu wa wilaya kabla mtoto hajafika kituo cha basi na sanduku lake la bati kichwani.